Pawatila katika mashamba madogo ya Dodoma

Pawatila (pia: trekta la magurudumu mawili, trekta la mkono) ni mashine ya kilimo yenye injini na magurudumu mawili tu, ambayo mwendeshaji huiongoza kwa mikono akitembea nyuma yake. Hutumika kulima, kuchana mistari ya kupandia, kupalilia, kuvuta tela na kuendesha mashine nyingine kama pampu ya maji au mashine ya kupukuchua mahindi. Nchini Tanzania ilienea zaidi baada ya mwaka 2009. Kwanza ilizoeleka katika mashamba ya mpunga yenye maji, lakini imefika pia katika maeneo makavu ya uwanda wa kati. Makala hii inaangalia matumizi yake katika mazingira ya Msalato, kata iliyo kaskazini mwa Jiji la Dodoma kando ya barabara kuu iendayo Kondoa na Arusha. Udongo na mvua za huko ni tofauti na zile ambazo mashine hii ilibuniwa kwa ajili yake, kwa hiyo namna ya kuitumia nayo ni tofauti.

Jina

Neno pawatila limetoholewa kutoka Kiingereza, likiwa na maana ya kifaa cha kulimia kinachoendeshwa kwa nguvu ya injini. Ndilo jina linalotumiwa na wakulima, mafundi na magazeti ya Tanzania. Katika maandishi ya serikali huitwa pia "matrekta madogo ya mkono". Jina hilo la pili huwapotosha baadhi ya wanunuzi, kwa sababu hudhani kwamba wanapata trekta la kawaida lililopunguzwa ukubwa. Kwa kweli ni mashine ya aina nyingine, na tofauti yake kubwa ni uzito, kama inavyoelezwa hapa chini.

Muundo

Pawatila nyingi zinazoonekana Tanzania hufuata muundo wa Kichina wa aina ya Dongfeng. Mbele kuna injini ya dizeli yenye silinda moja iliyolazwa, yenye nguvu ya farasi 12 hadi 16. Injini hiyo huwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono, ingawa baadhi zina betri na stata. Nguvu hupita kwenye mikanda ya mpira hadi kwenye klachi, kisha kwenye giaboksi iliyo kati ya magurudumu mawili. Giaboksi ya kawaida ina gia sita za mbele na mbili za nyuma. Mwendo huanzia takriban kilomita 1.4 kwa saa katika gia ya kwanza, ambao ni polepole kuliko hatua za mtoto, hadi kilomita 15 kwa saa katika gia ya sita, ambayo ni ya barabarani.

Pawatila haina usukani. Chini ya kila mpini kuna kishikizo kinachotenganisha gurudumu la upande huo na giaboksi. Mwendeshaji akibana kishikizo cha kushoto, gurudumu la kushoto hukosa nguvu, la kulia huendelea kusukuma, na mashine hugeuka kushoto. Hii ni kweli kwenye tambarare na kwenye mpando. Kwenye mteremko mambo hugeuka: injini sasa ndiyo inayozuia mashine isikimbie, na gurudumu lililoachiwa huwa huru na kuzunguka kwa kasi zaidi kuliko lile lingine. Kwa hiyo anayebana kushoto hujikuta anakwenda kulia. Dereva mgeni ambaye hajaambiwa jambo hili huligundua akiwa na tela lililojaa nyuma yake, tena kwenye korongo.

Injini nyingi za aina hii hazina rejeta yenye feni. Juu ya silinda kuna tangi la maji lililo wazi, na joto hutoka kwa maji kuchemka na kuwa mvuke. Maji kuchemka si dalili ya ubovu. Tatizo ni maji kuisha. Kiboya kidogo chenye rangi nyekundu huonyesha kiasi kilichobaki, na kikishuka inabidi kuongeza. Siku ya kazi nzito injini hunywa lita kadhaa za maji kila saa, jambo lisilo na uzito wowote kwenye jaruba la mpunga lakini lenye uzito mkubwa Dodoma, ambako ndoo ya maji huenda imenunuliwa au imebebwa kutoka mbali. Tena visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvichumvi, ambayo huacha magamba ndani ya tangi na kuzunguka silinda. Wanaoijali mashine hutumia maji ya mvua au maji ya bomba.

Kazi ya kulima hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni rota: ekseli iliyofungwa nyuma ya giaboksi ikiwa na visu vilivyopinda, ambavyo huzunguka na kukatakata udongo kwa upana wa sentimita 60 hivi na kina cha sentimita 10 hadi 15. Ya pili ni kuvuta: plau ndogo, ripa au mashine ya kupandia hufungwa nyuma na magurudumu huivuta kama ng'ombe wanavyovuta jembe. Katika njia ya kwanza nguvu ya injini hufika kwenye udongo moja kwa moja kupitia visu. Katika njia ya pili hupita kwanza kwenye tairi, na tairi haiwezi kuvuta kuliko uzito unaoikandamiza chini unavyoruhusu.

Hapo ndipo suala la uzito linapoingia. Pawatila nzima ina kilo 350 hadi 500 hivi. Kwenye ardhi ya kawaida inaweza kuvuta kwa nguvu inayolingana na nusu ya uzito wake, yaani kama mtu anayening'iniza mzigo wa kilo 200. Hiyo ni zaidi ya jozi mbili za maksai, kwa kuwa ng'ombe wa kazi huvuta kwa kutwa sehemu ya kumi tu ya uzito wake au zaidi kidogo. Lakini plau moja inayokata udongo mkavu na mgumu kwa kina cha sentimita 15 inaweza kuhitaji nguvu hiyo yote. Injini bado ina nguvu ya ziada, ila tairi huanza kuteleza na kuchimba shimo. Ndiyo sababu wakulima hujaza maji ndani ya tairi, hufunga vyuma vizito mbele au huvaa magurudumu ya chuma yenye meno. Aidha, Dodoma iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ikiwa nyepesi, injini isiyo na chaja ya hewa hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100, kwa hiyo farasi 12 walioandikwa kwenye kibati hufika shambani wakiwa kumi na kitu.

Historia

Wazo la kulima kwa visu vinavyozunguka lilishughulikiwa na watu kadhaa mwanzoni mwa karne ya 20. Miongoni mwao walikuwa Konrad von Meyenburg wa Uswisi na Arthur Clifford Howard wa Australia, ambaye alifanya majaribio yake kuanzia mwaka 1912 na kupata hataza mwaka 1920. Huko Ulaya mashine za kutembea nyuma yake zilibaki zaidi bustanini na kwenye mizabibu. Mapinduzi yake yalitokea Asia, hasa Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, kisha China na Thailand, ambako familia zililima majaruba madogo ya mpunga. Bangladesh iliondoa vikwazo vya kuagiza mashine hizo mwishoni mwa miaka ya 1980 baada ya mafuriko na vimbunga kuua ng'ombe wengi wa kulimia, na leo mamia ya maelfu ya pawatila hulima sehemu kubwa ya nchi hiyo. Wengi wa wakulima hao hawamiliki mashine. Hukodi kwa jirani.

Nchini Tanzania pawatila zilionekana mapema katika miradi ya umwagiliaji wa mpunga iliyosaidiwa na Japani, hasa Moshi Chini mkoani Kilimanjaro katika miaka ya 1980. Serikali ilianzisha CAMARTEC mjini Arusha mwaka 1981 ili kubuni na kupima zana za kilimo, zikiwemo matrekta. Hata hivyo pawatila zilibaki chache hadi mwaka 2009, Rais Jakaya Kikwete alipozindua azimio la Kilimo Kwanza mjini Dodoma. Takwimu zilizotajwa mara kwa mara wakati huo zilisema kwamba takriban asilimia 70 ya eneo lililolimwa nchini lililimwa kwa jembe la mkono, asilimia 20 kwa maksai na asilimia 10 tu kwa trekta. Kupitia mipango ya maendeleo ya kilimo ya wilaya, halmashauri zilinunua pawatila na kuzigawa kwa vikundi vya wakulima, vikundi vikichangia sehemu ya gharama.

Matokeo yalitofautiana sana. Katika mabonde ya mpunga mashine zilipata kazi mara moja. Katika mikoa mikavu zilifika pasipo mafundi, vipuri wala zana nyingine isipokuwa rota na tela, na malalamiko yalisikika hadi bungeni kwamba haziwezi kuvunja ardhi ngumu. Nyingi ziligeuka kuwa magari ya kubebea mizigo. Lawama hizo zilikuwa na ukweli, lakini mara nyingi zilielekezwa kwa mashine wakati kosa lilikuwa kupeleka rota ya mpunga mahali panapohitaji ripa. Kuanzia mwaka 2013 mradi wa utafiti wa FACASI, ulioongozwa na kituo cha kimataifa cha CIMMYT kwa fedha za Australia, ulijaribu nchini Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zimbabwe njia nyingine: pawatila yenye ripa au kipandio kinachopanda moja kwa moja bila kulima shamba zima.

Mkoa wa Dodoma una kumbukumbu kubwa zaidi ya mashine zilizoshindwa na udongo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga huko Kongwa, mashariki mwa mkoa, wakitarajia kulima mamilioni ya ekari katika Tanganyika. Walileta matrekta ya mitumba ya vita, na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa ulikuwa na mchanga mkali uliosaga majembe kama tupa, na baada ya mvua kukatika uligeuka mgumu kama sakafu, karanga zikiwa ndani. Mradi uliachwa mwaka 1951 baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi. Sehemu ya ardhi hiyo ilikuja kuwa Ranchi ya Kongwa. Visu vya pawatila vinavyoisha upesi katika mashamba ya Dodoma leo vinasagwa na mchanga wa aina hiyohiyo.

Udongo na mvua za Msalato

Dodoma hupata mvua za msimu mmoja, kwa wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili, na mara nyingi kuna wiki mbili au tatu za ukame katikati, Januari au Februari. Mvua yenyewe huja kwa vishindo: sehemu kubwa ya maji ya mwezi inaweza kunyesha kwa saa chache na kukimbilia makorongoni. Mazao yanayozoea hali hiyo ni mtama, uwele, karanga, njugumawe, kunde, alizeti na ufuta. Mahindi hupandwa sana ingawa hushindwa mara kwa mara. Zabibu ndilo zao la biashara linalojulikana zaidi, na kituo cha utafiti cha TARI Makutupora kinachoshughulikia zabibu kiko kaskazini ya Dodoma, upande huohuo wa Msalato. TARI Hombolo, mashariki zaidi, hushughulikia mazao ya ukame kama mtama.

Udongo wa sehemu kubwa ya eneo hilo ni kichanga chekundu. Ukilowa ni laini. Ukikauka hushikamana, na mara nyingi chini yake, kwenye kina cha sentimita 10 hadi 20, kuna tabaka gumu ambalo mizizi na maji hupita kwa shida. Katika mabonde kuna udongo mweusi wa mbuga, ambao ukikauka hupasuka na ukilowa hunata. Njia ya kale ya Wagogo ya kuandaa shamba, iitwayo kuberega, ni kukwatua magugu na tabaka la juu kwa jembe la mkono bila kugeuza udongo, kisha kupanda. Maofisa wa kilimo waliilaumu kwa muda mrefu kwa kuwa haifungui tabaka gumu. Lakini ina sababu yake: familia yenye majembe matatu na siku chache za unyevu haiwezi kuchimba ekari nne kwa kina, na anayechelewa kupanda hupoteza zaidi ya yule aliyelima juujuu.

Kwa mkulima wa hapa, basi, swali kubwa ni kama mashine itamwezesha kupanda mapema na kuweka maji ya mvua ndani ya udongo. Ulaini wa shamba kwa macho ni jambo la pili.

Kulima kwa rota

Rota hufanya kazi nzuri udongo ukiwa na unyevu wa wastani, siku mbili au tatu baada ya mvua ya kwanza kubwa. Kipimo cha shambani ni kuchukua udongo kutoka kina cha kiganja na kuufinya: ukifanya donge ambalo huvunjika kwa kidole, shamba liko tayari. Ukiwa mkavu mashine huruka na kutimua vumbi bila kuingia chini. Ukiwa umelowa mno visu huufinyanga na kuacha tabaka jipya gumu chini ya mahali vilipopita.

Hesabu ya kazi ni rahisi. Ekari moja, au heka kama wakulima wengi wanavyosema, ni mita za mraba 4,047. Kwa upana wa sentimita 60, mwendeshaji hutembea kilomita 6.7 ili kuimaliza, mbali na kugeuka. Kwa mwendo wa kilomita 2.5 kwa saa, pamoja na kugeuka, kuondoa visiki na kuongeza maji, inachukua saa tatu na nusu hivi na lita tano hadi saba za dizeli. Ekari mbili kwa siku ni kazi ya kutwa na matembezi ya zaidi ya kilomita 13 kwenye udongo uliofumuka. Mtu mmoja mwenye jembe la mkono huhitaji wiki mbili au zaidi kwa ekari ileile, na trekta kubwa lenye plau ya sahani tatu huhitaji saa moja au pungufu. Trekta kubwa hata hivyo haliji kwa mwenye ekari mbili hadi limalize kwa wenye ekari hamsini.

Rota ina hatari yake katika kichanga chekundu. Visu hugeuza udongo kuwa unga. Mvua ya kwanza ya kishindo huupiga unga huo, huziba matundu yake, na jua la siku moja hutengeneza ukoko ambao miche ya mtama na ufuta hushindwa kuutoboa. Kwenye mteremko unga huo huondoka na maji. Dodoma inalijua tatizo hilo vizuri: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianzishwa mwaka 1973 kwa sababu ya mmomonyoko, na huko Kondoa mifugo iliondolewa kabisa mwaka 1979 ili ardhi ipone. Wanaotumia rota kwenye mashamba haya wanashauriwa kupita mara moja tu, kwa rota ya mwendo mdogo, kukatisha mteremko badala ya kuufuata, na kuacha madonge ya ukubwa wa yai. Shamba linalopendeza kama kitanda cha bustani ndilo litakalofunga ukoko.

Ripa

Ripa ni jino la chuma lenye ncha nyembamba linalochana mstari mmoja bila kugeuza udongo. Aina inayokokotwa na maksai, ripa ya Magoye kutoka Zambia, ilitangulia kujulikana nchini, na pawatila inaweza kuvuta jino la umbo hilo. Faida zake Dodoma ni mbili. Kwanza, inaweza kufanyika kabla ya mvua, Oktoba na Novemba, wakati mashine na mwenyewe hawana kazi. Pili, mvua ya kwanza huingia kwenye mistari na kubaki hapo mbegu ilipo, badala ya kutawanyika shamba zima au kukimbia.

Mtama na alizeti hupandwa kwa mistari iliyoachana sentimita 75. Kuchana ekari kwa nafasi hiyo ni mwendo wa kilomita 5.4, na mafuta yanayotumika ni kidogo kuliko ya rota kwa sababu sehemu kubwa ya shamba haiguswi. Ugumu uko kwenye tairi: katika udongo mkavu wa Novemba pawatila mara nyingi haizamishi jino zaidi ya sentimita 10 kwa mara ya kwanza. Inabidi kupita mara ya pili kwenye mstari uleule, au kusubiri manyunyu ya mwanzo. Jino lililochakaa huongeza mzigo kwa kiasi ambacho wengi hawakitarajii, hivyo mafundi wa kuchomelea huongeza ncha ya chuma kigumu, mara nyingi kipande cha springi ya gari. Magugu hubaki kati ya mistari, na palizi ya kwanza isipofanyika mapema faida yote hupotea. Familia isiyo na watu wa kupalilia ni bora ilime kwa rota au maksai.

Mizabibu

Kwenye mizabibu pawatila haina mshindani. Mistari ya zabibu huachana mita mbili na nusu hadi tatu, nyaya na nguzo zimesimama pande zote mbili, trekta kubwa halipiti na maksai hula majani. Pawatila hupita katikati, hulainisha udongo juujuu, hufukia samadi na kukata magugu. Kina kisizidi sentimita 10, na visu vibaki mbali na shina kwa nusu mita au zaidi, kwa kuwa mizizi myembamba inayonyonya maji iko karibu na uso wa ardhi. Karibu na shina palizi hubaki ya mkono. Injini hiyohiyo, ikiondolewa mkanda wa giaboksi na kufungwa pampu, humwagilia shamba wakati wa kiangazi mahali penye kisima.

Tela

Tela la pawatila hubeba nusu tani hadi tani moja, na mwendeshaji hukaa juu yake. Kwa siku nyingi za mwaka hii ndiyo kazi halisi ya mashine: mapipa ya maji, samadi, matofali, kuni, mchanga, magunia ya mtama. Msalato ina mnada maarufu wa Jumamosi, wa mifugo, nyama choma na bidhaa za kila aina, na siku kama hiyo ni ya mapato kwa mwenye tela. Watu waliosikitika kwamba pawatila za Kilimo Kwanza "zimegeuzwa mikokoteni" hawakuangalia vitabu vya mapato. Msimu wa kulima ni wa wiki chache, na mashine inayosimama miezi kumi na moja haiwezi kulipa deni lake.

Barabarani kuna tahadhari. Pawatila nyingi hazina taa za nyuma wala breki za maana kwenye tela, na barabara ya Kondoa ina malori na mabasi ya mwendo wa kasi. Kutembea nayo usiku kwenye lami ni kujitafutia ajali.

Matunzo

Vumbi ndilo adui wa kwanza. Chujio la hewa la injini hizi huwa la oili: hewa hupita juu ya bakuli la oili na vumbi hunaswa. Dodoma wakati wa kiangazi bakuli hilo linatakiwa kufunguliwa na kusafishwa kila siku ya kazi, si kila wiki kama kitabu cha Asia kinavyoweza kusema. Likipuuzwa, vumbi huingia kwenye silinda, hukwangua ringi na pistoni, na injini iliyotakiwa kudumu miaka huanza kutoa moshi wa bluu ndani ya msimu mmoja au miwili. Oili ya injini hubadilishwa kila baada ya saa 100 hivi za kazi, na mara ya kwanza mapema zaidi injini ikiwa mpya. Dizeli ya kwenye madumu ichujwe kwa kitambaa safi. Mikanda ikilegea huteleza na kuungua. Mkanda ulio sawa hubonyea kidogo tu ukisukumwa kwa kidole gumba. Visu vya rota hubadilishwa kwa seti nzima, kwa sababu visu visivyolingana hufanya mashine itikisike na kuharibu beringi.

Injini ya silinda moja ina faida moja ambayo haisemwi vya kutosha: fundi wa mashine ya kusaga anaielewa tayari. Vipuri vyake hupatikana Dodoma mjini. Vipuri vya giaboksi na klachi za kugeuzia ndivyo hutafutwa kwa siku nyingi, na mnunuzi mwerevu huuliza bei yake kabla ya kuuliza bei ya mashine.

Usalama

Ajali mbaya zaidi hutokea mashine ikirudi nyuma huku rota ikizunguka. Mwendeshaji husukumwa na mipini, huanguka, na visu humfikia. Rota lazima izimwe kabla ya kuweka gia ya nyuma. Mashine zenye kizuizi cha kufanya hivyo zenyewe zisiondolewe kizuizi hicho. Majani yaliyojisokota kwenye visu yaondolewe injini ikiwa imezimwa kabisa. Hendeli hushikwa kwa vidole vyote upande mmoja, gumba likiwa pamoja navyo, ili ikirudi kwa nguvu isivunje mkono. Viatu vigumu ni vya lazima, wala kandambili si viatu. Kelele na mtikisiko wa siku nzima huumiza masikio na viungo vya mikono. Kuziba masikio na kupokezana kila saa moja au mbili hupunguza madhara.

Umiliki na kukodisha

Kwa familia yenye ekari tatu hadi tano pawatila ina kazi ya siku mbili au tatu tu za kulima kwa mwaka. Msimu wenye wiki tatu za unyevu unaofaa unaweza kulimwa ekari 35 hadi 40 na mashine moja isipoharibika. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ni mashamba ya majirani, na mwenye pawatila asiyetaka kuwalimia wengine kwa malipo hatarudisha fedha yake. Umiliki wa kikundi ulipendwa na miradi, lakini una udhaifu unaojulikana: wote wanataka kulimiwa siku ileile baada ya mvua ya kwanza, na hakuna anayejiona mwenye wajibu wa kununua oili. Vikundi vilivyodumu kwa kawaida vilimpa mtu mmoja dhamana ya kuendesha na kutunza kwa malipo, kukiwa na daftari la saa za kazi.

Jozi ya maksai waliofunzwa bado ni mshindani wa kweli. Hula majani, hutoa samadi na, wakizeeka, huuzwa mnadani kwa bei nzuri. Lakini mwezi wa Novemba, mwishoni mwa kiangazi, ng'ombe wa Dodoma wamekonda na hawana nguvu, na huo ndio wakati kazi inapohitajika. Mahali palipo na malisho ya akiba maksai hushinda kwa gharama. Mahali malisho yalipogeuka kuwa nyumba, hawawezi kufugwa tena.

Ardhi inayopungua

Jambo hilo la mwisho linaigusa Msalato moja kwa moja. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ilisimamia ardhi ya mji hadi ilipovunjwa mwaka 2017. Serikali ilianza kuhamia kwa wingi mwaka 2016, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018. Uwanja wa ndege wa kimataifa ulianza kujengwa Msalato kwenyewe, na barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3 inapita upande huo wa jiji. Mashamba yamepimwa kuwa viwanja, na mkulima anayebaki mara nyingi analima vipande viwili au vitatu vilivyotawanyika kati ya misingi ya nyumba. Vipande vya nusu ekari vinafaa pawatila kuliko chombo kingine chochote chenye injini, kwani hugeuka mahali padogo na hupita kwenye uchochoro. Lakini mwenye kipande ambacho kinaweza kuuzwa kesho hanunui mashine ya miaka kumi, wala hasumbuki kuchana tabaka gumu ambalo faida yake huonekana msimu wa pili na wa tatu. Katika mazingira hayo pawatila za pembezoni mwa jiji hupata kazi nyingi za kubeba mchanga na matofali kwenda kwenye viwanja vipya, na hurudi shambani mvua inaponyesha.